Kabla ya jezi, vijana wa Gatwekera wapewe kiwanja

Neno kiwanja katika Kiswahili lina maana mbili ambazo wanafunzi wangu wa isimu huzipita haraka, nami huwataka wasimame hapo kidogo. Kiwanja ni mahali pa kuchezea. Kiwanja pia ni kipande cha ardhi kilichotengwa kwa ajili ya kujenga nyumba. Mwambie kijana wa mtaani kwamba umeona kiwanja kizuri, naye ataulizia mpira uko wapi. Mwambie wakala wa ardhi maneno hayo hayo, naye atatoa kamba ya kupimia. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki maana hizi mbili zimekuwa zikipigana kwa muda mrefu, na aghalabu maana ya pili ndiyo hushinda.

Fikra hii ilinirudia Jumamosi moja nilipozuru klabu ndogo ya kandanda huko Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi. Nilipelekwa na mwanafunzi wangu ambaye huichezea klabu hiyo kwenye wingi ya kushoto. Sitaitaja kwa jina. Haimo katika ligi yoyote ya Shirikisho la Kandanda la Kenya, hata ile ya chini kabisa, na haya nitakayoyasimulia ni hali ya klabu nyingi za aina yake, kuanzia Laini Saba hadi Kawangware. Kuitaja moja kungezifanya nyingine zionekane kana kwamba zinaishi vingine.

Ndugu zetu wa Tanzania huiita kandanda ya namna hii soka la mchangani. Waandishi wetu wa michezo wa zamani walipenda neno chandimu. Sisi wa Nairobi twasema tu timu za mtaa. Kila jina kati ya haya lina chembe ya dharau ndani yake, kana kwamba wanaocheza ni watu waliokosa jambo la maana la kufanya. Niliyoyaona mimi hayakustahili dharau hiyo.

Tulishuka matatu ya nambari 8 pale Olympic tukateremka kuelekea reli. Ndiyo reli ile ile iliyong'olewa na vijana wenye hasira mnamo Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wachezaji wengi wa klabu hii walikuwa bado hawajazaliwa wakati huo, au walibebwa mgongoni na mama zao wakikimbizwa. Hilo nitalirudia.

Kiwanja chenyewe ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya watu wa miaka mingi. Kimeinamia upande mmoja kiasi kwamba timu inayoshambulia kuelekea bondeni hupata faida ambayo hakuna refa awezaye kuiondoa. Kwa hiyo shilingi inaporushwa hewani, nahodha huwa anachagua mlima au mteremko. Milingoti ni ya miti na haina nyavu. Mistari huchorwa kwa jivu linalotolewa bure na akina mama wanaokaanga samaki kando ya njia. Upande mmoja vibanda vya mabati vimesogea karibu mno, na anayetaka kurusha mpira hana budi kumwomba kwanza mwenye kibanda asogeze kiti chake. Njia ya waendao kwa miguu imekata uwanja pembe kwa pembe. Mkokoteni wa maji ulipokuja katikati ya kipindi cha kwanza, refa alipuliza kipenga, wachezaji ishirini na wawili wakasimama walipokuwa, mkokoteni ukapita taratibu bila kumwaga tone, kisha mchezo ukaendelea. Hakuna aliyelalamika. Nimekaa katika vikao vingi vya wasomi ambavyo havina nidhamu hiyo.

Kochi ni fundi wa kuchomelea vyuma siku za juma. "Karibu, mwalimu," aliniambia akinisogezea benchi. "Hapa hatuna jukwaa, lakini utaona kila kitu." Kando yake alikaa katibu wa klabu, msichana aliyemaliza kidato cha nne, akiwa na daftari la kurasa mia mbili lililofungwa kwa gazeti. Nilimwomba ruhusa nikalifungua. Humo mliandikwa ada za wanachama, shilingi ishirini kwa juma, pamoja na majina ya waliolipa, waliolipa nusu, na waliosamehewa kwa sababu ya msiba. Mliandikwa faini: ya kuchelewa mazoezini, ya kumtukana refa, na ile iliyo kubwa kuliko zote, ya kutaja kabila la mchezaji mwenzako kwa nia ya kumdunisha. Mlikuwa pia na kumbukumbu za mikutano kwa Kiswahili safi, zenye ajenda, mahudhurio na sahihi. Ama kwa hakika niliona haya kidogo. Katika idara ambamo mimi na wenzangu hufundisha Kiswahili, kumbukumbu za vikao vyetu huandikwa kwa Kiingereza.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa ukurasa wa nyuma. Kila Januari kochi na katibu hukipima kiwanja kwa hatua za miguu na kuandika vipimo. Urefu haujabadilika sana kwa sababu miisho yote miwili imezuiwa na mtaro na njia ya gari. Upana ndio unaotia huzuni. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa hatua sitini na moja. Mwaka uliofuata, hamsini na nane. Sasa ni hamsini na mbili. Hatua tisa zimeliwa, na hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema: leo tumenyang'anywa uwanja. Kwanza huja meza ya mitumba, halafu mwavuli, halafu nguzo nne, halafu bati, halafu ukuta.

Hebu tufanye hesabu, maana wanaosema kwamba uwanja wa mchezo ni kitu kidogo mara nyingi hawajaifanya. Sheria za kandanda zinaruhusu uwanja wenye urefu usiopungua mita 90 na upana usiopungua mita 45. Hizo ni mita za mraba 4,050, yaani takriban ekari moja kamili. Sasa chumba cha kawaida cha kupangisha Kibera, cha futi kumi kwa kumi, huchukua kama mita za mraba tisa na kitu. Ondoa nusu nzima ya ekari kwa ajili ya vichochoro, mitaro na vyoo, ikiwa mjenzi atavikumbuka vyoo. Bado utapata vyumba zaidi ya mia mbili. Tuseme kila chumba kinatozwa kodi ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Ekari hiyo ya vumbi itamletea mwenyewe zaidi ya shilingi laki nne kila mwezi. Mbele ya fedha kama hizo, milingoti miwili ya miti na jivu la samaki ni ulinzi gani?

Na wanaokitegemea ni wangapi? Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000 katika Kibera nzima, idadi iliyowashangaza wengi waliozoea kusikia milioni moja. Gatwekera peke yake ilikuwa na watu karibu 25,000. (Waandishi wa sensa waliandika Gatwikira. Wenyeji hawalitamki hivyo, lakini mwenye kalamu ndiye hushinda katika mambo ya majina, na pia katika mambo ya ardhi.) Watu 25,000 ni mji. Mji usio na ekari moja ya wazi kwa watoto wake ni kitu cha kutisha.

Ardhi ya Kibera ina historia yake, na mwalimu wa historia anayetaka kuwafundisha wanafunzi dola ni nini hahitaji kwenda mbali. Walowezi wake wa kwanza walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walioliita eneo hilo kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi zaidi ya ekari 4,000 kuwa za jeshi. Wanubi walingoja karibu karne moja, na mnamo Juni 2017 wakapewa hati ya ardhi ya jamii ya ekari 288. Sehemu kubwa ya Kibera nje ya hapo imehesabiwa kuwa ya serikali. Kwa hiyo uwanja wa klabu hii ni mali ya umma, na katika nchi yetu mali ya umma isiyo na ramani wala kigingi huwa ni mali ya yule atakayeamka mapema.

Wasomaji hawajasahau, natumaini, yaliyotokea tarehe 19 Januari 2015 katika Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Watoto walirudi shuleni wakakuta ukuta umetenga uwanja wao wa michezo. Walipoandamana pamoja na wanaharakati kuuangusha ukuta huo, polisi waliwarushia mabomu ya kutoa machozi, na picha za watoto wenye sare wakilia katika moshi zikazunguka dunia. Aibu ile ilifanya kazi yake. Uwanja ulirudishwa shuleni, na serikali ikaahidi kwamba shule za umma nchini zingepatiwa hati za ardhi zao. Nauliza hivi: shule ile ilikuwa na mwalimu mkuu, lango, sare, bodi na jina katika orodha ya wizara, na bado ukuta ulijengwa. Seuze klabu ya mtaa yenye daftari moja?

Kutoka Gatwekera unaweza kutembea kwa chini ya saa moja ukafika Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, mahali ambapo mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja wa watu 60,000 uliopewa jina la Talanta, kwa matarajio ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuziandaa mwaka 2027. Fedha zake, zaidi ya shilingi bilioni 44, zilikopwa kwa dhamana zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025. Mimi si adui wa uwanja huo. Nilishangilia kama Mkenya yeyote Agosti 2025, timu yetu ya taifa ilipofika robo fainali za mashindano ya CHAN. Ninachokataa ni dhana kwamba kandanda huanza penye viti. Wachezaji wetu wengi walianza penye vumbi, na taifa linalojenga paa huku likiacha msingi uliwe hatua tatu kwa mwaka halijapanga mambo yake vizuri.

Kuna watakaoniambia kwamba watu wanahitaji nyumba kuliko mpira. Ni hoja nzito, na Katiba yetu ya 2010 katika kifungu cha 43 inalitambua wazi suala la makao bora. Lakini vyumba vinavyokimega kiwanja hiki havijengwi na serikali wala kwa ajili ya maskini. Hujengwa na mtu mmoja kwa ajili ya kodi, na mpangaji atakayeingia humo atakuwa na watoto, nao watataka mahali pa kukimbia. Fauka ya hayo, Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinataja mchezo kuwa haki. Waliouandika hawakusema kwamba haki hiyo ni ya watoto wa Karen na Muthaiga.

Niruhusuni sasa niseme kama mwanaisimu. Katika dakika tisini nilisikia wazazi kando ya uwanja wakizungumza Kidholuo, Kiluhya, Kikamba, Kikuyu na Kinubi. Ndani ya mistari ya jivu lugha ilikuwa Kiswahili, na Sheng bila shaka, lakini Sheng iliyosimama juu ya sarufi ya Kiswahili. "Rudi!" "Panua!" "Mtu nyuma yako!" Hizo ni amri za neno moja au matatu, zinazotolewa na kutiiwa katika nusu ya pekee ya sekunde. Kipa akimwita beki hawezi kungoja kujua ametoka upande gani wa nchi. Marefa na makipa waliingia katika lugha yetu kwa mlango huu, wakapewa viambishi vyao vya wingi kama maneno ya kale. Hata mzaha upo: faulu na faulo zimetenganishwa na irabu moja tu, na nilimsikia shabiki mmoja akimpigia kelele refa kwamba kijana huyo kila akichezewa ya pili, yeye huandikiwa ya kwanza.

Linganisheni hayo na madarasa yetu. Zipo shule ambazo hadi leo humvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha isiyo Kiingereza. Mtoto huyo hujifunza kunyamaza. Jioni huenda uwanjani, na huko hujifunza kuita, kuonya, kusifu, kuomba radhi na kubishana na mwenye mamlaka bila kumpiga ngumi. Ile faini ya kutaja kabila haikuandikwa na afisa yeyote wa utangamano wa kitaifa. Iliandikwa na vijana wanaoijua historia ya reli iliyo hatua chache kutoka kwenye kibendera cha kona.

Tena klabu hizi huzaa mambo mengine. Mwaka 2004 kijana wa hapo hapo Kibera, Kennedy Odede, alinunua mpira kwa fedha kidogo alizoweka akiba kutokana na kibarua cha kiwandani, akawakusanya vijana wenzake. Kikundi kile ndicho kilichokuwa shirika la SHOFCO, lililofungua shule ya wasichana Gatwekera mwaka 2009. Upande wa Makina, timu ya wasichana ilitangulia, na kutoka kwayo ikazaliwa Kibera Girls Soccer Academy, shule ya sekondari iliyoanza mwaka 2006. Klabu ya Kibera Black Stars iliwahi kupanda hadi ligi ya pili kwa ukubwa nchini. Na kule Mathare, chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa 1987 kilizipa timu alama za ligi kwa kusafisha mitaro ya mtaa. Mathare United iliyotoka humo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Wote hao walianza na ardhi tupu ambayo mtu alikuwa bado hajaijengea.

Wasichana wa klabu niliyoizuru hucheza saa saba mchana, jua likiwa la utosi, kwa sababu saa nzuri zimechukuliwa na wavulana. Nilimwambia kochi kwamba hilo si haki. Akacheka, akasema katibu humwambia hivyo kila juma. Basi na abadilishe ratiba.

Sasa wanasiasa. Kila uchaguzi unapokaribia, jezi huja Kibera kwa magunia, zikiwa na picha ya mgombea kifuani, pamoja na mipira miwili na kombe la bati. Klabu hii ina seti za jezi kutoka kwa wagombea wa pande zote, na huzivaa zote bila ubaguzi. Hiyo nayo ni busara. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na magunia yatakuja tena. Jezi huchakaa katika misimu miwili. Hakuna mgombea hata mmoja aliyewahi kuja na mpima ardhi. Ningependa vijana wamuulize kila atakayefika na gunia: vigingi viko wapi?

Jambo hili linawahusu walimu kuliko wanavyodhani. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Kwenye karatasi ni jambo la kupendeza. Lakini shule nyingi zinazowapokea watoto wa Kibera zina ua usiotosha hata gwaride la asubuhi, na kiwanja cha klabu ndicho maabara pekee waliyo nayo. Mkuu wa shule anayekitumia kila Ijumaa bila kuuliza ni cha nani anaazima kitu ambacho mwakani huenda kisiwepo.

Wala sisemi vibanda vibomolewe. Akina mama wa samaki ndio watoaji wa jivu, na ndio walinzi wa mpira usiibwe. Wapangiwe mahali pao ukingoni, paandikwe, na mstari usivukwe. Kinachotakiwa ni upimaji, vigingi vinne, ramani, na usajili wa ekari hiyo kuwa ardhi ya umma ya michezo chini ya kaunti, ikisimamiwa na kamati ya klabu, timu ya wasichana, shule na wachuuzi. Si kazi ya bilioni 44. Mpima ardhi na wasaidizi wake wangeimaliza kwa siku chache.

Mwanzo wake unaweza kutoka darasani. Mtaala wa sekondari ya juu unadai kila mwanafunzi afanye huduma kwa jamii. Basi mwalimu wa hesabu awatoe wanafunzi na futi kamba, wapime urefu, upana na ule mshazari wa njia ya miguu; mwalimu wa jiografia awachoreshe ramani; mwalimu wa Kiswahili awaandikishe barua rasmi. Barua hiyo iende City Hall, na nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ikiambatanishwa na ukurasa wa nyuma wa daftari la katibu. Iandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo afisa atakayeipokea hana ruhusa ya kuirudisha kwa sababu hiyo. Na pale penye neno kiwanja, wanafunzi waongeze maneno mawili: cha kuchezea.